Nisikilizie, Fundi: Injini inagonga ikishapata joto

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la kasi la milango miwili, injini ya petroli, silinda sita mstari mmoja, lita 3.0, tabo moja (ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini). Nililinunua likiwa limetembea kilomita 241,000, leo linasoma 287,400. Wiki tatu zilizopita nilianza kusikia kitu kinagonga. Asubuhi nikiwasha ni kimya kabisa. Nikishaendesha kama dakika 20, oili ikapata joto sawasawa, ndipo linaanza: nikishikilia mizunguko kati ya 2,000 na 2,800 huku nimegusa mafuta kidogo tu, nasikia tok-tok-tok kutoka chini, upande wa nyuma wa injini. Nikikanyaga sana, mlio unamezwa na kelele za tabo. Nikiachia ghafla, unatoka wazi mara nne tano, halafu unafifia. Tangu hapo gari limekuwa zito, halivuti kama zamani.

Nimeonana na mafundi watatu. Wa kwanza aliunganisha mashine yake ya kusoma makosa, akasema ni petroli mbovu. Wa pili alisikiliza akiwa amesimama, akasema ni tapeti, vile vidude vya juu vinavyosukuma valvu, gari ni zee, nizoee. Wa tatu hakusema mengi. Alienda kuleta winchi ya kushushia injini. Nikawakimbia wote. Nimebadilisha oili mwenyewe, nikaweka nzito kuliko inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na mlio umepungua karibu nusu. Taa ya oili haijawahi kuwaka hata siku moja. Je, nimepona? Na kama sijapona, nimwamini nani kati ya hao watatu?

Mwenye masikio makali

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujapona. Kama unasoma ukurasa huu huku gari linanguruma nje, nenda kwanza kalizime, kisha urudi tuongee.

Nianze na hiyo oili nzito, maana ndiyo iliyosema kweli kuliko mafundi wote watatu. Injini ikiwa nzima, konrodi, ule mkono wa pistoni, haiigusi krenki, ile shafti kuu inayozungushwa. Katikati kuna beringi, vile vibati viwili vyembamba vilivyopinda nusu duara, na kati ya beringi na krenki kuna utando wa oili. Nafasi yenyewe huwa kama milimita 0.03 hadi 0.05, unywele wako wa kichwani mara nyingi haupiti hapo. Beringi ikilika, nafasi ikaongezeka hata maradufu tu, konrodi inapata mahali pa kurukia. Ikisukumwa chini inagonga, ikivutwa inagonga tena. Oili baridi ni nzito, inajaza pengo, ndiyo maana asubuhi husikii kitu. Ikipata joto inakuwa nyepesi, na mgeni anaanza kubisha hodi. Wewe ukaweka oili nzito zaidi, ukawa umeiviringishia nyundo kitambaa. Nyundo iko palepale na inapiga palepale. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Oili hiyo imesema na jambo la pili: imeitoa petroli hatiani, angalau kwa huo mlio. Petroli haijui umeweka oili gani. Mlio unaotokana na mafuta usingepungua kwa sababu umebadilisha oili.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa neno "kunoki" linatuchanganya sote. Tunalitumia kwa maradhi mawili yasiyo ndugu. La kwanza liko juu, kwenye chumba cha moto. Plagi imewasha, moto unasambaa kutoka upande wake, na kabla haujafika ukuta wa pili, mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka wenyewe kwa joto na mkandamizo. Mawimbi yanapiga kuta za silinda mara elfu kadhaa kwa sekunde, na wewe ndani ya gari unasikia kama changarawe inatikiswa kwenye kopo. Mlio huo unakuja injini ikibebeshwa mzigo: mlima, gia kubwa, mizunguko michache, mguu chini. Ukiachia mafuta unakata hapo hapo. Wako unafanya kinyume chake, unajitokeza ukiachia. Maradhi ya pili ni ya chini, chuma kwa chuma, na mlio wako unatoka huko.

Lakini usimdharau fundi wa kwanza. Ubavuni mwa bloku ya injini yako kuna sensa ya noki, kidude kidogo kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Kazi yake ni kusikia ule mlipuko wa juu na kuiambia kompyuta icheleweshe cheche ya plagi. Tatizo ni kwamba sensa haioni, inasikia tu. Konrodi ikigonga kwa nguvu, sensa inaweza kudanganyika ikapeleka taarifa ileile. Kompyuta inachelewesha cheche, gari linakuwa zito kama unavyolalamika, na fundi akitazama mashine yake anaona noki, noki, noki. Yeye anaamua ni petroli. Kakisoma kifaa vizuri, kaisoma injini vibaya. (Na sensa hiyo yenyewe ina deko: nyingi hukazwa kwa Nm 20 hivi, si zaidi. Anayeikaza kwa hasira, au anayeifunga juu ya kutu, anaiharibia masikio. Nimekuta magari yanayolaumiwa kwa uzee kumbe ni bolti moja tu.)

Fundi wa pili angeweza kujisahihisha kwa kuhesabu. Valvu na tapeti zinaendeshwa na kamshafti, na kamshafti inazunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo mlio wa tapeti ni mwepesi, unatoka juu kama cherehani, na unakwenda nusu ya mwendo wa krenki. Wabishi nawapa taa ya taimingi. Ikiunganishwa kwenye silinda ya kwanza inamulika mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Mlio ukienda sambamba na mwanga, tafuta juu au kwenye pistoni. Ukisikia tok mbili kwa kila mwanga, huo ni mwendo wa krenki, na tapeti waachwe na amani yao.

Wa tatu huenda ana haki, ila winchi kabla ya ushahidi siipendi, na nina sababu. Mwaka wangu wa nne kwenye kazi hii nililetewa gari la silinda nane, gia za otomatiki, linagonga chini, kwa sauti nzito, likiwa na joto. Dalili zote zilikuwepo. Nikashusha injini, nikafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikatoa beringi za konrodi zote nane. Zikanitazama zikiwa safi kama zimetoka kwenye karatasi yake. Kilichokuwa kinagonga ni ile sahani nyembamba inayounganisha krenki na gia boksi ya otomatiki. Ilikuwa imepasuka kuzunguka bolti zake. Ningekanyaga breki, nikaweka gia, nikasikiliza kama mlio unabadilika, ningeokoa siku tatu. Mwenye gari alikuwa mpole. Mimi ndiye sikujisamehe upesi, na mpaka leo, miaka 27 baadaye, sishiki winchi kabla sijaona kitu kwa macho.

Basi tuone kwa macho. Umesema ulibadilisha oili mwenyewe. Chujio la zamani ulilitupa wapi? Kalitafute. Wengine wangekuambia uwashe injini usikilize. Mimi kwa dalili zako sitaki injini hiyo izunguke tena kwa ajili ya udadisi. Chujio linaongea injini ikiwa imelala.

Likiwa la kopo, usilikate kwa msumeno. Msumeno unatema unga wake wa chuma, utakuja kumhukumu asiyehusika. Tumia kikatio cha mabomba, kile chenye gurudumu dogo, ukizungusha taratibu chini ya shingo. Toa karatasi iliyokunjwakunjwa, ikate kwa kisu kutoka kwenye bomba lake, iminye oili itoke, kisha ikunjue yote na uisuuze kwa mafuta ya taa kwenye sinia jeupe. Peleka juani. Usiangalie kwa taa ya simu, jua ndilo linalotoa rangi ya kweli. Geuza sinia polepole.

Cheusi kinachopondeka kati ya vidole ni kaboni, achana nacho. Kinachovutwa na sumaku ni chuma: krenki, cheni, kamshafti, ringi. Cheupe kama fedha kisichoshikwa na sumaku kinaweza kuwa aluminiamu ya pistoni, au ule utando laini wa juu wa beringi. Ukiona rangi ya shaba, umefika mwisho wa safari. Beringi nyingi za injini za kasi zina tabaka tatu: mgongo wa chuma, juu yake tabaka la shaba, halafu utando laini mwembamba sana ndio unaokaa na krenki. Shaba haitoki mpaka utando huo umekwisha. Vumbi la kung'aa kidogo kwenye gari la kilomita 287,400 halininyimi usingizi; vipande vinavyonasa kwenye kucha vinaninyima.

Chujio likiwa safi kabisa, hapo ndipo turudi kwenye masikio. Funga geji halisi ya presha mahali pa sensa ya oili. Hiyo taa unayojivunia kuwa haijawaka ni tangazo la msiba: nyingi zinawaka presha ikishuka karibu na nusu bar, na kufika hapo beringi zimeshazikwa. Kipimo cha mafundi wa zamani ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa ya moto. Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, kifuate kitabu. Kisha injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, chukua mpira wa mita moja, ncha moja sikioni na nyingine kwenye sampu, kwenye bloku, kwenye kifuniko cha valvu, mbali na mikanda. Mimi natumia sikio la kulia, la kushoto lilishaliwa na grainda. Chomoa plagi ya umeme ya injekta moja moja. Injekta, si koili. Ukichomoa koili petroli mbichi inakwenda kuunguza katalisti. Silinda yenye beringi mbovu ya konrodi ukiinyima moto, mlio unapungua sana au unabadilika. Pini ya pistoni ikiwa ndiyo mgonjwa, mara nyingi mlio unakuwa wa kugonga mara mbili mbili. Beringi kubwa za krenki hazijali sana. Zinaendelea na ngoma yao nzito.

Na gari hilo likienda popote, liende likivutwa. Konrodi ikikatika haisubiri ufike. Inatokea ubavuni mwa bloku.

SWALI: Langu linaunguruma kama mnyororo kwenye ndoo kila asubuhi kwa sekunde mbili, kisha kimya kutwa nzima. Kilomita 190,000. Niogope?

JIBU: Ogopa kiasi. Hiyo ni oili inayochelewa kufika, na cheni ya taimingi inacheza kabla kikazio chake hakijajaa presha. Anza na jambo jepesi: ndani ya chujio kunapaswa kuwa na valvu ya mpira inayozuia oili kurudi chini usiku. Chujio la ovyo halina, au ipo imekauka. Weka zuri, na unene wa oili uliotajwa kwenye kitabu. Sekunde mbili zikibaki zilezile baada ya hapo, kagua kikazio na urefu wa cheni. Zikiwa tano, kagua leo.

SWALI: Mlio wangu unatoweka kabisa nikikanyaga kilachi. Fundi ananiambia injini imenoki.

JIBU: Hata kidogo. Ukikanyaga kilachi unaitenga gia boksi na injini, na aliyenyamaza ndiye aliyetengwa: beringi ya shafti ya kuingilia gia boksi, au flaiwili ya vipande viwili iliyolegea. Mwambie fundi wako arudie kukanyaga, polepole, mara tatu.

SWALI: Gari langu lilitengenezwa kwa soko la Marekani, kifuniko cha tangi kinataka okteni 91. Mimi najaza 95 na bado linalia changarawe mlimani. Inakuwaje mafuta yaliyozidi yashindwe? Je, niongeze ile dawa ya chupa ya kupandisha okteni?

JIBU: Hayajazidi. Marekani pampu zao zinaandika wastani wa vipimo viwili vya okteni, yaani ustahimilivu wa petroli kabla ya kulipuka yenyewe: RON na MON. Nchi nyingi nyingine zinaandika RON peke yake, ambayo ndiyo kubwa. 91 yao ni kama 95 au 96 ya RON. Kwa hiyo uko mlangoni, hujaingia ndani. Ukipata 98, jaribu tangi moja zima, upande mlima uleule kwa gia ileile. Changarawe ikipotea umejua.

Ikibaki, usikimbilie chupa. Kwenye nyingi wanaandika inaongeza "pointi" kadhaa, na pointi 10 mara nyingi ni okteni 1 tu. Tafuta kinachoipa injini joto: plagi za joto lisilo lake, maji ya rejeta yasiyozunguka vizuri, mchanganyiko wenye petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, na kaboni. Injini iliyotembea sana inajenga ukoko juu ya pistoni. Ukoko unapunguza nafasi, mkandamizo unapanda, na vipande vyake vinabaki vyekundu kama makaa. Tena angalia bomba la hewa kati ya tabo na injini. Likiwa limelowa oili ndani, oili hiyo inaingia silinda kama mvuke na kushusha okteni ya mafuta uliyoyalipia.

Watu wa dawa za chupa wana babu yao, kwa taarifa yako. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba madini ya risasi kidogo kwenye petroli inazima ule mlipuko. Ilifanya kazi vizuri mno, na sumu yake ikapuliziwa dunia nzima kwa karibu miaka 100. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ya kawaida ilikuwa Aljeria, mwaka 2021. Tangu nilipoijua habari hiyo kila chupa inayonong'ona "miujiza" naisoma nyuma kwanza.

SWALI: Fundi, ni mimi tena, mwenye masikio makali. Chujio nimelipata, lilikuwa ndani ya ndoo ya oili chafu. Nimekata kama ulivyosema. Kuna vumbi la shaba kwenye mikunjo karibu yote, na magamba mawili, kubwa lina ukubwa wa kucha ya mtoto mchanga, upande mmoja shaba, upande mwingine kijivu. Sumaku haikuyataka.

Gari likavutwa kwa yule fundi wa tatu. Safari hii aliacha winchi akashusha sampu tu. Tumefungua konrodi zote. Ya 1, 2, 3, 4 na 6 beringi zina kijivu chenye mistari. Ya 5, kile kibati cha juu kimebaki shaba tupu kimechanika, cha chini kimechakaa lakini kina kijivu chake. Anasema tuchomeke beringi mpya zote hapo hapo chini, tufunge, kazi ya siku moja. Nikubali?

JIBU: Kwanza nampa mkono. Kushusha sampu badala ya injini ni heshima kwa mwenye gari.

Kukubali au kukataa kunategemea krenki. Pitisha ukucha juu ya shingo ya 5, pale krenki inaposhikwa na konrodi, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, mazungumzo ya siku moja yameisha. Usipokwama, chukua kitu cha shaba, hata sarafu, ukisugue juu yake: shingo ikibaki na rangi ya shaba, si laini kama inavyoonekana. Halafu maikromita. Pima mahali pawili kwa urefu, na kila mahali pima mara mbili kwa pembe ya msalaba, kwa sababu shingo iliyogongwa wiki tatu haibaki duara, inakuwa yai. Kama vipimo viko ndani ya kitabu, beringi mpya kwa kuingilia chini inakubalika, na nimeshafanya zikaenda mbali. Lakini kila pengo mlipime kwa ule uzi laini wa plastiki: unauweka juu ya shingo, unafunga kifuniko kwa nguvu kamili bila kuzungusha krenki, unafungua, unasoma upana wa uzi uliobonyea kwenye karatasi yake. Bolti za konrodi ziwe mpya. Zile za aina ya kuvutika zikishavutika mara moja zimemaliza kazi yake.

Shingo ikiwa mbovu, injini itoke, krenki ikachongwe. Hatua ya kwanza kwa kawaida ni milimita 0.25, na beringi nene za kufidia. Muulize mchongaji jambo moja kabla hajawasha mashine: krenki hii uso wake umepikwa kwa naitrojeni? Krenki nyingi za injini za kasi zimefanyiwa hivyo, na ule ugumu ni ngozi nyembamba tu. Ukiichonga bila kuirudishia, unarudi kwangu na barua ya tatu. Konrodi ya 5 nayo ipimwe tundu lake kubwa, kifuniko kikiwa kimekazwa bila beringi.

Sasa kile kibati cha juu. Nimelisoma hilo mara mbili, maana ndilo lililonifurahisha kama fundi na kunisikitisha kwa niaba yako. Kibati cha juu kinabeba msukumo wa moto unapoipiga pistoni chini. Cha chini kinabeba uzito wa pistoni inapovutwa kileleni mwa safari yake, resi zikiwa juu. Pistoni yako ikiwa na safari ya milimita 86 kama baadhi ya injini za lita 3.0, kwenye mizunguko 7,000 inakwenda wastani wa mita 20 kwa sekunde, na inasimama kabisa mara mbili kila mzunguko. Mzigo wa kuisimamisha unaongezeka kwa mraba wa resi: ukizidisha resi mara mbili, mzigo ni mara nne. Aliyeua beringi kwa resi, au kwa kupiga kona ndefu sampu ikiwa na oili pungufu hadi pampu ikanyonya hewa, mara nyingi namkuta na vibati vya chini vimeumia pia, tena vya silinda zaidi ya moja. Wewe umeumia juu, silinda moja. Hapo nawaza moto uliopiga kwa nguvu isiyo yake, yaani ule mlipuko wa changarawe, kwa muda mrefu, kwenye silinda ya 5. Kila mlipuko unaupasua utando wa oili kidogo.

Kwa hiyo fundi wa kwanza alikosea mlio, lakini huenda aligusa chanzo bila kujua. Kabla hamjafunga chochote, mtoe injekta zote zikapimwe, hasa ya 5. Inayotema kidogo inaiacha silinda yake na hewa nyingi na joto kali. Tazama plagi ya 5 pembeni ya wenzake: ikiwa na vidoadoa vya kung'aa kwenye kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni imerukia hapo. Ingiza kamera kwenye tundu la plagi mwangalie ukingo wa pistoni kama umelika kama uliong'atwa na panya. Na mpigie aliyekuuzia gari, umuulize bila kumkasirikia: kuna mtu aliwahi kuichezea programu ya kompyuta kuongeza presha ya tabo? Kilomita 46,400 ulizoendesha wewe ni chache kumaliza beringi ya silinda moja kwa uchakavu wa kawaida.

Mengine ni usafi, na hapa watu wanachoka mapema. Kipoza oili usikioshe, kibadilishe. Shaba inajificha ndani ya mikunjo yake na itatoka siku beringi mpya zimeshaingia. Pampu ya oili ifunguliwe, itazamwe kama imekwaruzwa. Tabo inakunywa oili hiyohiyo, basi shika shafti yake uicheze kwa vidole, na bomba lake la oili liwe jipya. Mkiifunga, msiwashe. Zuieni injekta, zungusheni kwa stata sekunde kumi kumi, mpumzike katikati, mpaka geji ionyeshe presha. Ndipo moto. Na oili iwe ya unene wa kwenye kitabu, ile nzito uipeleke kwa mwenye trekta.

Ukishatembea kilomita 300 baada ya kuifunga, mwaga oili, toa chujio, likate. Ulete rangi utakayoiona.